TUTEMBEE BERLIN KWA TRENI MOJA
(Na mwanachama, Kidato cha Tatu)

Wajerumani waijua Diani kuliko sisi tuijuavyo Berlin. Hilo halina ubishi. Kuanzia hapa Kinondo hadi Ukunda, ukipita ufuoni utawakuta vijana ambao shule waliiacha zamani lakini wasalimia kwa Kijerumani, wauza vinyago kwa Kijerumani, na wakidhulumiana bei wagombana kwa Kijerumani hicho hicho. Mgeni naye, kabla hajateremka kwenye gari la hoteli, ana kitabu cha mwongozo mkononi. Kimekwisha kumwambia wapi pana pweza wa kuchoma, wapi mbega huvuka barabara, na kwamba akitaka kuingia Kaya Kinondo atafungwa kaniki nyeusi kiunoni na hataokota hata jani. Sisi je? Muulize mwanafunzi yeyote wa shule yetu habari za Berlin. Atakujibu, "Mkutano wa Berlin, 1884," kisha atanyamaza, maana kitabu cha historia kimeishia hapo.

Basi nimeona nami niandike mwongozo wa kuirudisha ziara. Mimi mwenyewe sijafika Berlin. Mwisho wangu kaskazini ni Malindi na kusini ni Vanga. Lakini ninayo ramani ya treni za mji huo, aliyoachiwa mjomba wangu na mgeni mmoja hotelini, nami nimeisoma hadi mikunjo yake imekatika. Yale ambayo ramani haisemi nimeyatafuta vitabuni na kwa walimu wetu, ambao nawashukuru kwa kunivumilia.

Kwanza tujue mji wenyewe. Berlin ina watu wapatao milioni 3.7. Kaunti yetu nzima ya Kwale, kwa hesabu ya mwaka 2019, ilikuwa na watu 866,820. Yaani Kwale nne hazijai. Mji umegawika wilaya 12, na mto uupitiao waitwa Spree. Bahari hawana. Ajabu ni kwamba mji huu ulikatwa vipande viwili. Baada ya Vita Vikuu vya Pili upande wa mashariki ulishikwa na Warusi, na upande wa magharibi na Wamarekani, Waingereza na Wafaransa. Tarehe 13 Agosti 1961 serikali ya mashariki ilianza kujenga ukuta, na mtu aliyejaribu kuuruka aliweza kupigwa risasi. Ukuta huo ulifunguliwa usiku wa tarehe 9 Novemba 1989. Nchi ikaungana tena tarehe 3 Oktoba 1990, na bunge lao likahamia Berlin kutoka Bonn mwaka 1999.

Sasa tupande treni. Katika ramani yangu mna mistari ya rangi nyingi kama khanga, lakini mimi nimechagua mmoja tu, nao waitwa U6. Hiyo "U" ndiyo treni ya mjini, aghalabu yapita chini ya ardhi, na ya kwanza ilianza mwaka 1902. U6 yatoka kusini yaenda kaskazini, yakata mji katikati kama barabara yetu ya Likoni hadi Lunga Lunga inavyokata Kwale. Nimeichagua kwa sababu vituo vyake vyatosha kumfundisha Mswahili habari zake mwenyewe. Hapo mtanielewa mbele.

Zamani za ukuta, treni hii ilikuwa kioja. Ilitoka magharibi, ikaingia chini ya mashariki, kisha ikatokea magharibi tena. Ilipokuwa chini ya mashariki haikusimama ila kituo kimoja tu, Friedrichstraße. Vituo vingine vilifungwa, taa hafifu, askari wamesimama gizani, na abiria wakivipita polepole bila ya kushuka. Wenyewe waliviita vituo vya mizimu. Hebu fikiri matatu yatoka Ukunda, yapita Msambweni na Ramisi bila kusimama, huku watu wa Msambweni wamekatazwa hata kuipungia mkono!

Tuanze kusini, katika mtaa wa Kreuzberg, kituo cha Mehringdamm. Ukiwa na njaa, hapa ndipo. Mwaka 1961 Ujerumani ya Magharibi iliandikiana mkataba na Uturuki ili ipate wafanyakazi wa viwandani, na Waturuki wengi walikuja wakakaa Kreuzberg na mtaa jirani wa Neukölln. Wakati huo nyumba za hapo zilikuwa rahisi kwa kuwa ukuta ulikuwa karibu na mwenye fedha zake hakupataka. Leo mitaa hiyo ina misikiti, masoko ya mboga na vinyozi, na chakula chao kimekuwa chakula cha Berlin nzima. Chaitwa döner. Ni nyama iliyopangwa kwenye mshikaki mkubwa wa kusimama, wazunguka mbele ya moto, muuzaji aikwangua kwa kisu kirefu na kuitia ndani ya mkate pamoja na kabichi, vitunguu, nyanya na mchuzi. Mambo ya kuila ndani ya mkate, ukitembea, yalienea Berlin miaka ya mwanzo ya 1970. Mwislamu atauliza kama ni halali, na kwa Waturuki wengi atajibiwa kuwa ni halali, lakini kuuliza si ujinga.

Chakula cha wenyeji chenye sifa ni soseji iliyokatwa vipande, ikamwagiwa sosi ya nyanya na bizari. Waiita currywurst. Habari yake ni kwamba mwaka 1949 mama mmoja mwenye kibanda katika mtaa wa Charlottenburg, jina lake Herta Heuwer, alichanganya sosi hiyo, na leo hakuna pembe ya mji isiyouza. Lakini soseji hiyo mara nyingi ni ya nguruwe, kwa hiyo wengi wetu tutapita tukinusa bizari tu. Kwa mtu wa chai nampendekezea andazi lao la mviringo, hukaangwa kwenye mafuta kama letu, ila ndani mna jamu. Kichekesho ni kwamba Wajerumani wa miji mingine huliita "Berliner", na watu wa Berlin wenyewe huliita Pfannkuchen. Ni kama vile mtu wa bara aite mbaazi kwa nazi "Mombasa", nasi hatujui anasema nini.

Kabla ya kuendelea kaskazini tubadilishe treni hapo hapo Mehringdamm, tuchukue U7 hadi Hermannplatz. Ni vituo vichache tu. Karibu na hapo pana barabara iitwayo Lucy-Lameck-Straße. Lucy Lameck (1934 hadi 1993) alikuwa mwanasiasa wa Tanzania, mmoja wa wanawake wa kwanza kushika wadhifa serikalini baada ya uhuru. Barabara hii ilipewa jina lake Aprili 2021. Kabla ya hapo iliitwa kwa jina la Hermann von Wissmann, afisa wa Kijerumani aliyeletwa pwani yetu na majeshi mwaka 1889 kuzima vita vya Abushiri. Watu wa Pangani, Bagamoyo na Tanga walikataa kutawaliwa na kampuni ya Kijerumani, wakapigwa kwa mizinga. Abushiri akanyongwa Pangani Desemba 1889. Pangani si mbali na hapa. Upepo ukiwa mwema, mashua kutoka Shimoni yaweza kufika. Nami najiuliza, watoto wa Neukölln walikuwa wakilitaja jina la Wissmann kila siku wakitumwa dukani, bila ya kujua alifanya nini kwetu.

Turudi kwenye U6. Kituo cha Kochstraße ndipo palipokuwa na kizuizi maarufu cha mpaka wa mashariki na magharibi, na leo watalii hupigana vikumbo kupigwa picha. Tupite. Tushuke Stadtmitte au Unter den Linden, katikati ya mji. Unter den Linden ni barabara pana yenye miti pande zote, na mwisho wake wa magharibi lipo Lango la Brandenburg lililojengwa kati ya 1788 na 1791, nguzo juu yake gari la farasi wanne. Karibu yake ni bunge, na juu ya bunge pana kuba la vioo. Upande wa mashariki kuna mnara wa televisheni wa mita 368, uliofunguliwa mwaka 1969. Hayo yote yamo kwenye kadi za posta, sina haja ya kuyarefusha.

Nitakapokaa ni barabara ya Wilhelmstraße, mwendo mfupi kwa miguu kutoka hapo. Nambari 77 palikuwa na jumba la waziri mkuu Bismarck. Ndani ya jumba hilo, kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885, wajumbe wa nchi 14 walikaa kuzungumza juu ya Afrika. Mwafrika hakuwamo hata mmoja. Sultani wa Zanzibar, ambaye pwani hii ilikuwa mikononi mwake, naye hakualikwa. Jumba lenyewe halipo tena. Leo pana ubao wa kumbukumbu.

Hapa wanafunzi wenzangu nisikilizeni, maana jambo hili laweza kuja kwenye mtihani. Wengi wetu huandika kwamba mipaka ya Kenya na Tanzania ilichorwa kwenye Mkutano wa Berlin. Sivyo. Mkutano ulishughulika zaidi na mito ya Kongo na Naija, na kanuni za kuchukua pwani. Mstari wetu ulikuja baadaye, mwaka 1886, Waingereza na Wajerumani walipoandikiana. Walianza mlango wa mto Umba, pale Vanga, wakaenda hadi Ziwa Jipe, wakauzungusha mlima Kilimanjaro ubaki upande wa Wajerumani, kisha wakanyoosha hadi ziwani Viktoria. Ndiyo maana Mdigo wa Vanga ana shangazi Tanga na akienda mazikoni hupita kwa maafisa wa mpaka. Kaskazini nako, Witu ya Lamu ilikuwa chini ya Wajerumani tangu 1885, wakaiacha kwa Waingereza kwa mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, na wao wakapewa kisiwa kidogo cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini. Sisi watu wa pwani tumewahi kuwa chenji ya watu.

Siyo wote waliofika Berlin kwa habari za mabavu. Mwaka 1887 ilifunguliwa pale shule ya lugha za Mashariki, iliyoambatana na chuo kikuu, na Kiswahili kilifundishwa humo. Wazungu waliotaka kuja Afrika Mashariki kuwa maafisa walikaa madawatini kama sisi, wakafunzwa ngeli. Walimu wao wa matamshi walikuwa Waswahili. Amur bin Nasur wa Unguja alifundisha huko kuanzia 1891, akaandika habari za maisha yake na mambo aliyoyaona Berlin; maandishi hayo yalipigwa chapa mwaka 1894 katika mkusanyiko wa mwalimu wa Kijerumani aitwaye Büttner. Kwa hiyo huu wangu si mwongozo wa kwanza wa Berlin kwa Kiswahili. Nimetanguliwa zaidi ya miaka 130! Baada yake alikuja Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, mwaka 1900. Huyu ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya kitabu cha desturi za Waswahili kilichochapishwa na Velten mwaka 1903. Alimwoa Mjerumani mwaka 1904. Mwaka uliofuata walisafiri pamoja kurudi nyumbani, lakini watawala wa koloni hawakutaka mwanamke wa Kizungu ashuke pwani na mume Mwafrika. Ikawabidi warudi Ulaya. Mtoro alifia Berlin mwaka 1927, na kitabu chake sisi twakisoma.

Tembea kidogo upande wa Potsdamer Platz. Hapo palikuwa na jumba la starehe lililoitwa Haus Vaterland, lililofunguliwa kwa sura hiyo mwaka 1928. Ukisikia watu wazima wakisifu disko za Diani, basi hapa palikuwa na starehe ya orofa kwa orofa. Kila ukumbi ulipambwa kama nchi nyingine. Huku mkahawa wa Kituruki, huku baa ya wachunga ng'ombe wa Marekani, huku kilabu cha Bavaria, huku ukumbi wa mto Rhine ambamo ilitengenezwa mvua na radi za uongo ili wateja wafurahi. Na miongoni mwa wahudumu, akibeba sinia, alikuwamo Mswahili wa Dar es Salaam, Bayume Mohamed Husen.

Habari za mtu huyu zilinikosesha usingizi, kwa hiyo mniwie radhi nikiziandika kwa urefu. Alizaliwa mwaka 1904 Dar es Salaam, jina lake la nyumbani Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani. Vita vya Kwanza vilipoanza, mtoto huyu wa miaka 10 naye akaingizwa jeshini pamoja na baba yake. Wajerumani wakashindwa, wakaondoka, na mishahara ya mwisho haikulipwa. Mwaka 1929 alifanya kazi melini, akafika Berlin, akaenda kwenye ofisi ya serikali kudai mshahara wake na wa baba yake. Akaambiwa muda umepita. Hakupewa kitu.

Akabaki. Mchana alikuwa msaidizi wa mwalimu wa Kiswahili kwa wanafunzi wa chuo kikuu, usiku akihudumu Haus Vaterland. Akaigiza kwenye filamu, mara nyingi mtumishi au mbeba mizigo, maana nafasi nyingine kwa mtu mweusi hazikuwapo. Alioa Januari 1933, mwezi ule ule Hitler alipoingia madarakani. Mwaka 1935 kazi ya hotelini ikaisha. Mwaka 1941 aliigiza katika filamu ya kumsifu Carl Peters, yule aliyezunguka na karatasi za mikataba kuichukua Tanganyika. Mwaka huo huo alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, kaskazini ya mji, bila ya kupelekwa mahakamani. Akafia humo tarehe 24 Novemba 1944. Mwaka 2007 waliweka kijiwe cha shaba chenye jina lake mbele ya nyumba nambari 193, Brunnenstraße, alipokuwa akikaa. Kijiwe hicho kimelazwa njiani, sawasawa na ardhi, na mpita njia akitaka kukisoma sharti ainame.

Kwa kuwa tumegusa starehe za usiku, nimalizie habari zake hapa, nikijua kwamba walimu wanasoma. Berlin haina saa ya kufunga. Upande wa magharibi sheria ya kufunga vilabu saa fulani ilifutwa mwaka 1949, na usiku wa Ijumaa na Jumamosi treni za U hupita hadi alfajiri. Ukuta ulipoanguka, upande wa mashariki ulibaki na majengo matupu yasiyojulikana ya nani. Vijana wakaingiza spika humo. Mwaka 1991 kilabu kiitwacho Tresor kilifunguliwa ndani ya chumba cha kuwekea fedha cha duka kuukuu, milango ya chuma ikiwa palepale. Na Berghain, kinachosifika zaidi, kimo ndani ya kiwanda cha zamani cha umeme tangu 2004. Muziki wao ni teknо, ngoma za mashine zisizo na maneno. Machi 2024 Ujerumani iliuandika utamaduni huo katika orodha yake ya urithi. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka kwanza, kisha nikakumbuka kwamba mila za kaya zetu ziliingizwa na UNESCO mwaka 2009 katika orodha ya mambo yanayohitaji kuokolewa kwa haraka. Wao teknо yao inajaa watu, sisi sengenya tunaicheza siku ya kumpokea mkubwa wa wilaya.

Tuendelee na safari. Kutoka Unter den Linden treni yapita Friedrichstraße. Wenye siku nyingi washuke hapo watembee hadi Kisiwa cha Makumbusho, katikati ya mto Spree, mwenye nyumba tano za makumbusho. Humo mna kichwa cha Malkia Nefertiti, kilichofukuliwa Misri mwaka 1912. Jumba la Pergamon lilifungwa Oktoba 2023 kwa matengenezo. Jirani ni jumba la Humboldt Forum lenye vitu vya Afrika.

Mimi nakwenda moja kwa moja kituo kiitwacho Naturkundemuseum. Ndani ya makumbusho hayo, ukiingia tu ukumbi wa kwanza, yupo mtu wetu. Si mtu, ni dinosau, mifupa mitupu, kimo chake mita 13.27, mrefu kuliko mifupa yote iliyosimamishwa duniani. Katokea Tendaguru, Lindi, Tanzania. Aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Wenyeji waliijua mifupa hiyo kabla ya Mzungu kuiona; mwaka 1906 mhandisi mmoja wa Kijerumani akapata habari, na kati ya 1909 na 1913 wakachimba.

Wachimbaji walikuwa watu weusi, walipozidi walifika mamia. Msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani, naye alikuwa stadi wa kuitoa mifupa kwenye mawe bila kuivunja. Ng'ombe na punda hawakuweza kutumika kwa sababu ya ndorobo. Basi zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa vichwani na mabegani, siku kadhaa kwa miguu, mpaka bandari ya Lindi, zikapakiwa melini. Wataalamu wakakaa miaka na miaka kuunganisha, mnyama akasimamishwa mwaka 1937. Sasa baadhi ya Watanzania wadai arudishwe, na wengine wasema abaki ila tufaidike naye. Nimewauliza wenzangu wa darasani. Wengi wametaka arudi. Mmoja aliuliza tutamweka wapi. Rai yangu ni kwamba kabla ya kubishana juu ya mnyama, jina la Boheti lingewekwa hapo chini ya miguu yake, kwa herufi kubwa kama za majina ya maprofesa.

Hapa sharti niseme jambo la Kaya Kinondo. Kaya yetu ni miongoni mwa misitu ya Mijikenda iliyotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Wazee wana kanuni moja ambayo hata Mjerumani huitii: usitoe kitu. Jiwe, jani, ukuni uliokufa, vyote vyabaki. Katika Berlin mambo ni kinyume; utukufu wa makumbusho ni kile kilichotolewa mahali pengine. Na havikutolewa vitu tu. Mlikuwamo pia mafuvu ya watu kutoka Afrika Mashariki, mafuvu yapatayo 1,100, ambayo watafiti wa huko waliyachunguza na kutoa matokeo mwaka 2023. Katika mafuvu machache ya Kilimanjaro vinasaba vililingana na watu walio hai leo Uchagani. Mtu kaambiwa babu yake yumo kabatini Berlin. Novemba 2023 rais wao, Steinmeier, alikwenda Songea akaomba msamaha kwa ajili ya vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, ambavyo kwa makadirio ya wanahistoria viliua watu hadi 300,000, wengi kwa njaa baada ya mashamba kuchomwa.

Turudi garini. Wedding, Leopoldplatz, Seestraße, Rehberge, kisha kondakta wa sauti atataja: Afrikanische Straße. Shukeni. Mtaa huu waitwa Mtaa wa Kiafrika, na majina yake yalianza kutolewa mwaka 1899 wakati Ujerumani ilipojivunia makoloni. Nyumba ni za kawaida, za wafanyakazi, zina bustani. Lakini tazama vibao: Togostraße, Kameruner Straße, Kongostraße, Ugandastraße, Usambarastraße, Tangastraße, Sansibarstraße. Mtu wa Kwale aweza kupotea Berlin akauliza njia akaambiwa, "Nenda Tanga, ukifika Zanzibar kata kulia." Leo wakaa hapo Wajerumani, Waturuki na Waafrika pia.

Palikuwa na barabara nyingine, Petersallee. Ilipewa jina mwaka 1939 kwa ajili ya Carl Peters, yule yule wa filamu ya Husen. Mwaka 1986 wakuu wa mji walisema jina libaki lakini sasa limaanishe Peters mwingine, mwanasheria. Ujanja huo hata mtoto wa darasa la pili angeuona. Waafrika wa mtaa ule na wenzao Wajerumani waliendelea kudai kwa miaka mingi, hata wakashitakiana mahakamani na wakazi wasiotaka kubadilisha anwani. Mwishowe, Agosti 2024, vibao vikabadilishwa. Sehemu moja yaitwa Anna-Mungunda-Allee, kwa mwanamke wa Namibia aliyeuawa akipigania haki. Sehemu ya pili yaitwa Maji-Maji-Allee.

Sasa zoezi la chama, la mkutano wa Ijumaa. Wajerumani walipoondoka Tanganyika walituachia maneno. "Shule" tunayoisema kila asubuhi yatokana na Schule yao. Sisi zamani tulisema "skuli" kwa Kiingereza, na wazee wa Unguja bado wasema hivyo. "Hela" tunayoisikia kwa ndugu zetu wa Tanga yatokana na Heller, sarafu ndogo iliyotumika tangu 1904, ambayo 100 zilikuwa rupia moja. Kila mwanachama na aulize kwao, hasa wenye jamaa ng'ambo ya Umba, kama lipo neno la tatu. Atakayelipata alilete likiwa limeandikwa, pamoja na jina la mzee aliyemwambia na kijiji chake.